Kabla hujadropu Fizikia fomu foo, piga kwanza hesabu ya pointi

Januari shule zikifunguliwa tu kuna ugomvi unaanza kwenye nyumba nyingi zenye mtoto wa fomu foo, ugomvi wa masomo, nani anaacha nini. Mwaka huu umetufikia na sisi. Mdogo wangu wa mwisho anasoma shule ya kata huko nyumbani na anataka kudropu Fizikia kabla majina hayajapelekwa NECTA, baraza la mitihani, mama hataki hata kusikia, mjomba anasema mwacheni mtoto sayansi mnamlazimishia nini, na mimi ndo dada mkubwa kwa hiyo simu zote zinaishia kwangu. Nimeongea na kila mtu kwa zamu yake. Naandika hapa kwa sababu najua kuna nyumba nyingine wanaongea hayahaya usiku huu, na kwa nilivyosikia kwetu, watu wanaongea kwa hasira na kwa heshima ya ukoo ila hakuna aliyechukua kalamu akapiga hesabu.

Nianze na sababu zake yeye, maana huyu mtoto sio mvivu na naomba hilo lieleweke. Shule yao ilikuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia kwa vidato vyote vinne, wakiwa fomu three katikati akahamishwa, wakakaa muda mrefu bila mtu, baadaye akaja kijana wa kujitolea ambaye anajua kweli lakini amebebeshwa na Hesabu juu yake, kwa hiyo topiki nzimanzima wamepewa notsi wakanakili basi. Halafu kuna lugha. Nilimuuliza kwenye simu kwa nini mpini wa sufuria unawekwa mbao au plastiki, akanielezea joto linavyosafiri kwenye chuma na kwa nini linakwama kwenye mbao, vizuri kabisa, akaniongezea na habari ya chupa ya chai bila mimi kumuuliza. Swali la topiki hiyohiyo lilikuja kwenye mtihani wa kufunga mwaka kwa Kiingereza cha mistari minne na hakuligusa. Alipata 17. Ukipata 17 kwenye somo ulilokuwa unalipenda fomu wani inauma, na mtu akiumia anatafuta mlango wa kutokea.

Sentensi yake ni hii: "Dada mi naidropu tu, itanishushia divisheni bure."

Hapo ndo nataka tukae, kwa sababu sentensi hiyo nimeisikia kwa watoto wengi, nimeisikia hadi kwa wazazi na inasikitisha zaidi kuisikia kwa walimu, na kwa mtoto mwenye masomo tisa kama huyu sio kweli. Divisheni, yaani daraja la matokeo ya fomu foo, inapatikana kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, hayo saba tu, mengine hayahesabiwi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Unajumlisha saba bora, ukiwa na pointi 7 mpaka 17 ni divisheni wani, 18 mpaka 21 ni tuu, 22 mpaka 25 ni three, 26 mpaka 33 ni foo, 34 na 35 ndo zero. Sasa masomo ya lazima kwa mtaala wanaosoma wao ni saba: Hesabu, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia, Uraia, Historia na Jiografia. Ukiongeza Fizikia na Kemia unakuwa na tisa, maana yake una masomo mawili ya akiba, mawili yanayoweza kuharibika na divisheni yako isitikisike.

Nilimwambia achukue karatasi tuandike pamoja, tukaweka makadirio ya ukweli, sio ya kujifariji. Kiswahili B. Uraia, Historia, Jiografia, Kiingereza na Baiolojia C zote tano. Kemia D. Hesabu F, na Hesabu ni ugonjwa wa shule nzima pale sio wake peke yake. Fizikia tukaweka F kama anavyoogopa. Saba bora: 2, halafu C tano ni 15, halafu D ya Kemia ni 4, jumla 21. Divisheni tuu. Nikamwambia sasa futa Fizikia kabisa, jifanye hukuisajili, hesabu tena. Akahesabu, 21. Akanyamaza kidogo akarudia tena, 21. F ya Fizikia haikuwa imemgharimu hata pointi moja.

Halafu nikamwambia fanya na ile plani ya rafiki yako, yule anayedropu Fizikia na Kemia zote kwa pamoja "aende arts". Yanabaki yale saba ya lazima. Hapo huna akiba tena, kila ulichonacho kinahesabiwa, na ile F ya Hesabu iliyokuwa imejificha nyuma inatoka mbele: 2, na 15, na 5, jumla 22. Divisheni three. Mtoto yuleyule, akili ileile, ameacha masomo mawili ili kuilinda divisheni na divisheni imeshuka kwa sababu ameyaacha. Mama alikuwa anasikiliza kwenye spika ya simu akasema "hee". Tulikaa hapo kama dakika nzima.

Kwa haki niseme na upande wa pili wa hesabu hiyo. Mtu anayedropu anasema muda wa Fizikia ataupeleka kwenye masomo mengine, na hiyo ni hoja kweli, siidharau. Tukaijaribu pia. Tukasema haya, umeacha Fizikia, muda wote umeuweka Kemia, D ikawa C. Jumla inakuwa 20, bado ni tuu. Faida iko, na C ya Kemia ni kitu kikubwa nitakuja kueleza kwa nini, ila hiyo sio hesabu ya kumwokoa mtu na zero kama yeye alivyokuwa anaiona kichwani usiku. Ukishaitoa hofu ya divisheni mezani ndo unaanza kuongea swali lenyewe, kwamba unataka kwenda wapi na huko wanadai nini.

Mdogo wangu anataka unesi. Anasema hivyo tangu darasa la sita na hajabadilisha. Na mimi ni nesi, diploma, hospitali ya wilaya, kwa hiyo hapa naongea jambo ninaloishi nalo. Kuingia stashahada ya Uuguzi na Ukunga vyuo vinadai ufaulu wa masomo angalau manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima iwepo Kemia, iwepo Baiolojia na iwepo Fizikia. Utabibu nao hivyohivyo. Na ufaulu kwenye fomu foo unaanzia D, D inaanzia alama 30. Someni tena hapo. Hawajasema A wala C. Mtoto mwenye D tatu kwenye hayo masomo na D nyingine popote ana haki ya kuomba, kama atachaguliwa ni habari ya ushindani lakini mlango uko wazi kwake, na mtoto mwenye divisheni wani safi ya arts bila Fizikia mlango huo kwake umefungwa na hakuna barua ya mkuu wa shule itakayoufungua.

Kwa hiyo kwa mdogo wangu tofauti kati ya F na D ya Fizikia haionekani kabisa kwenye divisheni, ni 21 vilevile, lakini ndo tofauti ya kuwa nesi na kutokuwa. Alama 13 kutoka alipo sasa. Hicho ndicho nilitaka akione.

Mimi mwenyewe nina D ya Fizikia kwenye cheti changu na sijawahi kuificha. Nimekuwa nikiitumia. Ukimpima mtu presha unasoma milimita za zebaki, hiyo ni topiki ya Pressure ya fomu wani. Dripu ukiinyanyua juu inakimbia, ukiishusha inapungua, mfuko wa mkojo unakaa chini ya kibofu ili mkojo usirudi, chupa ya mgonjwa mwenye mpira wa kifuani hainyanyuliwi juu ya kifua hata mara moja hata kama ndugu wanataka kufagia chini ya kitanda. Daktari akiandika lita moja ya maji iingie kwa masaa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, wewe nesi unakaa unapiga 1000 mara 20 gawa kwa dakika 480 unapata kama matone 42 kwa dakika, unasimama na saa unahesabu. Mgonjwa hajui kwamba unafanya Fizikia. Sisemi haya kumtisha mtu, nasema kwa sababu watoto wanaambiwa Fizikia ni ya mainjinia na marubani, hakuna anayewaambia iko wodi ya wazazi saa nane usiku.

Na kuna watu ninaofanya nao kazi, wahudumu wa afya, watu wazima wenye familia, mikono yao ina uzoefu kuliko manesi wengi wapya, wanataka kwenda chuo wapande na wamekwamia hapohapo, cheti hakina Fizikia. Sasa wanarudi kusoma kama watahiniwa wa kujitegemea, wanalipa ada ya mtihani, wanatafuta kituo chenye maabara maana pepa ya praktiko, ile ya majaribio ya maabara, haifanyiki kichwani, wanabeba daftari kwenye zamu ya usiku. Nawaheshimu sana. Ila nikimwona mtoto wa miaka 17 ambaye yuko darasani tayari, maabara hata kama ni mbovu iko pale, mwalimu wa kujitolea yuko pale, anataka kuja kulisaka somo hilohilo akiwa na miaka 30 na kitu, roho inaniuma.

Lakini sasa sitaki mtu asome hapa akasema dada fulani kasema watoto wote wang'ang'anie Fizikia. Hapana. Mama yetu kwa mfano sababu yake ya kukataa ilikuwa nyingine kabisa, kwake mtoto wa sayansi ndo mtoto mwenye akili na wa arts ni aliyeshindwa, na hiyo nilimpinga, kwa adabu ila nilimpinga, kwa sababu imeharibu watoto wengi. Kama mtoto anataka sheria, anataka uhasibu, anataka kuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia, na anasema hivyo kwa miaka na sio kwa kukimbia 17 ya juzi, Fizikia inamfanyia nini mwaka wa mwisho? Abaki nayo kama akiba kama haimchoshi, akiona inamla mwache aitoe, ila aangalie amebakiwa na masomo mangapi. Nilisoma na mtu aliyeburuzwa na baba yake kwenye sayansi mpaka siku ya mtihani, alikuwa anaandika insha za Historia mpaka mwalimu anazisoma mbele ya darasa, na usiku wake wote ulikuwa unaishia kwenye vekta ambazo hakuzitaka. Mzazi unayesoma hapa, hadhi ya neno sayansi hailipi ada ya chuo.

Na kuna njia ya katikati ambayo watu wanaisahau. Kwenda fomu faivu kunadai kredit tatu, yaani C kupanda juu, na pointi zisizidi 25, na hizo kredit ziendane na kombi unayoitaka, yaani yale masomo matatu ya fomu faivu na siksi. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na ukitaka udaktari wa shahada huna pa kukwepea, wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za fomu siksi. Ila CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia, Fizikia haimo. Diploma ya famasi pia inadai Kemia na Baiolojia bila kuitaja Fizikia. Ndo maana nilisema C ya Kemia ni kitu kikubwa. Mtoto ambaye ndoto yake iko upande huo anaweza kuiacha Fizikia kwa amani kabisa akaiweka nguvu yote Kemia na hatapoteza kitu, mradi alisome kwanza lile kabrasha la mwongozo wa udahili la NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivi, la mwaka husika, maana sifa za kozi huwa zinarekebishwa na maneno ya mtaani hayarekebishwi.

Kitu kimoja kinanikasirisha na nitakisema bila kutaja mtu. Kuna shule zinawaita watoto wenye alama ndogo ofisini zinawaambia acheni somo hili, na mtoto anadhani anasaidiwa, kumbe wastani wa shule kwenye somo hilo ndo unasaidiwa. Ukiwatoa wote waliopata chini ya 30, wanaobaki wamefaulu wote na shule inapongezwa. Yule aliyetolewa hakuna anayemuuliza alitaka kuwa nani. Mwalimu mwema akimshauri mtoto aache somo anaanza na kuuliza unataka kusomea nini, kama hajauliza hilo basi mzazi nenda shuleni ukaulize wewe. Hata kama huna nguo nzuri, hata kama hukusoma, nenda. Una haki ya kujua mtoto wako anasajiliwa masomo gani.

Tukarudi kwa dogo. Akaniuliza swali zuri, "sasa dada hiyo 30 naitoa wapi na mwalimu ndo huyo mmoja?" Nikamwambia 30 haiko kwenye silabasi nzima. Anayetaka A lazima ale kila kitu, anayetaka D ya uhakika anachagua topiki zake anazisoma mpaka zinaeleweka, halafu akipata cha juu ni baraka. Tukapitia orodha ya topiki fomu wani mpaka foo tukatoa zile ambazo hesabu yake ni nyepesi au hazina hesabu kabisa: Measurement, Archimedes, Pressure, Simple Machines, usafiri wa joto (ambao nimeshathibitisha anaujua), Radioactivity ile ya nusu maisha ambayo ni kugawa kwa mbili kwa mbili tu, Geophysics ambayo nusu yake anaijua kutoka Jiografia, matabaka ya dunia, volkano, matetemeko, na Astronomia. Vekta, transista na mambo ya lenzi tumeyaweka mwisho.

Halafu praktiko. Watoto wengi wanaiogopa praktiko wakati ndo yenye alama za wazi kuliko zote. Pendulamu, kipande cha kioo na pini, springi na mawe ya mizani, saketi ya umeme, mazoezi yanajirudia kwa namna hizo. Unajaza jedwali, unachora grafu. Na grafu ina alama zake hata kama hujui sheria ya nani inathibitishwa: kichwa cha grafu, mhimili wenye jina na yuniti, skeli inayojaza karatasi, nukta zimewekwa sawa, mstari umepita vizuri, mteremko umeonyeshwa ulivyoupata. Hiyo inafundishika mchana mmoja na penseli na rula. Nilimwambia achore grafu moja kila wiki hata kama data ni ya kwenye pastipepa, yaani mtihani wa miaka iliyopita, anipigie picha anitumie WhatsApp. Na asidharau majaribio na mitihani ya shuleni, alama za maendeleo zinaingia kwenye matokeo ya mwisho, hizo ni alama unazikusanya ukiwa na usingizi wa kutosha, kabla ya hofu ya mtihani wenyewe wa Novemba.

Kuhusu lugha, hapo sina dawa ya haraka na sitadanganya. Kinachosaidia kidogo ni kuwa na daftari dogo la maneno ya maswali, maana maneno yenyewe sio mengi, eleza, taja, tofautisha, toa sababu, kokotoa, kwa Kiingereza chao wanavyoyaandika, na kila pastipepa anayofanya anapigia mstari neno la amri kabla hajasoma habari yote ya mpira uliodondoshwa kutoka kwenye jengo. Mtoto anayejua kitu kwa Kiswahili halafu anapata sifuri kwa sababu ya mistari minne ya Kiingereza, hilo ni tatizo la nchi na linatakiwa kusemwa kwa sauti, ila yeye mtihani wake ni mwaka huu.

Tumekubaliana hivi. Fizikia inasajiliwa. Mjomba ambaye alikuwa upande wa kuacha alipoziona zile pointi kwenye karatasi kasema yeye atalipa tuisheni ya Jumamosi, mimi nalipa pastipepa na nauli. Mama amekubali kutotaja neno "arts" kama tusi. Na yeye dogo ameweka sharti lake, kwamba mock ya mkoa, ule mtihani wa kujipima, akipata chini ya 20 hatutamgombeza, na tumesaini.

Kwa wengine mlioko kwenye maongezi haya sasa hivi, hakikisheni mnayamaliza kabla shule haijafunga usajili, maana hufanyika mapema kwenye mwaka na ukipita somo ambalo hukuliandikisha hulipati Novemba kwa kulia. Mtoto aende kwa mwalimu wa taaluma aombe kuona kwa macho yake masomo yaliyoandikwa mbele ya jina lake, ayahesabu, yakiwa saba tu ajue hana akiba. Kuna walioingia kwenye mtaala mpya ulioanza kutumika kuanzia 2024, kuna mpaka Historia ya Tanzania na Maadili humo na michepuo ya amali, yaani ya ufundi, kwa hiyo orodha yao ya masomo ya lazima sio hii niliyoiandika, wao waulize shuleni kwao. Sisi Jumamosi hii tunaanza na Measurement, vile vipimo vya vernia kalipa na mikromita, kijana wa kujitolea amekubali kufungua maabara saa mbili asubuhi.